Msiwasingizie Wafu wa Banaras

Niliporudi Dar es Salaam kutoka India, swali la kwanza nililoulizwa nyumbani halikuhusu chakula wala joto la kule. Shangazi alitaka kujua kama ni kweli kwamba Varanasi maiti zinaelea mtoni na watu wanaoga papo hapo. Kabla sijajibu alikuwa ameshakunja uso. Siku zilizofuata nikaulizwa hivyohivyo na jirani, na kinyozi, na mwenzangu kazini. Wote walikuwa na picha moja kichwani: moshi, mifupa, maji meusi, na waumini wanaoyateka kwa viganja na kuyanywa. Na wote walikuwa wamekwisha kukata kesi kwamba dini ya wale watu ndiyo inayouchafua mto wao.

Nakataa. Nilikwenda, nikauona moshi na majivu kwa macho yangu, nikarudi nimeshawishika kwamba ukiyafuatilia maji yenyewe, yanatoka wapi na yamebeba nini, utakuta wafu wa Banaras wanasingiziwa kosa la walio hai.

Banaras ndilo jina linalosikika mitaani. Varanasi ni jina rasmi, na wenyeji watakuambia limetokana na vijito viwili vinavyoukumbatia mji, Varuna kaskazini na Assi kusini. Kashi, mji wa nuru, ni jina la ibada. Mto Ganges, au Ganga kama wanavyouita wenyewe, unashuka kutoka kwenye barafu ya Himalaya ukielekea kusini-mashariki, lakini ukifika hapa unajikunja na kutazama kaskazini, kama msafiri anayegeuka kuangalia kwao. Kwa Mhindu mkunjo huo ni baraka. Mji mkongwe wote umejipanga ukingo wa magharibi, na ng'ambo ni mchanga mtupu, kwa hiyo anayeshuka kuoga alfajiri hulitazama jua likichomoza bila jengo lolote la kulizuia. Kushuka kwenyewe ni kwa ngazi za mawe ziitwazo ghati. Huhesabiwa 84, nazo zimeufuata mto kwa zaidi ya kilomita sita.

Mgeni huambiwa kwamba kila anachokiona ni cha tangu dunia kuumbwa. Ibada kweli ni ya kale: Buddha alitoa mahubiri yake ya kwanza Sarnath, kama kilomita kumi tu kutoka hapa, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, na wakati huo Kashi ilikuwa tayari na jina. Lakini mawe ni ya juzi. Ghati nyingi zilijengwa karne ya 18 kwa fedha za watawala wa Kimaratha. Hekalu kuu la Vishwanath, lililobomolewa kwa amri ya mfalme Aurangzeb mwaka 1669, lilisimamishwa upya na malkia Ahilyabai Holkar wa Indore na kukamilika mwaka 1780. Mji umevunjwa ukajengwa, ukavunjwa tena. Kilichodumu ni mto, pamoja na sababu ya watu kuuendea.

Na sababu mojawapo ni kufa. Wahindu wanaamini kwamba anayefia Kashi amevuka. Mungu wao Shiva mwenyewe, wanasema, humnong'oneza sikioni neno la wokovu katika pumzi ya mwisho, na mzunguko wa kuzaliwa na kufa na kuzaliwa tena unakatika. Ndiyo maana wako wanaoletwa wangali hai. Kuna nyumba iitwayo Mukti Bhawan, iliyofunguliwa mwaka 1958, ambako familia humleta mzee wao aliye njiani kuondoka na kupewa chumba kwa wiki mbili. Hospitali wameshaiacha nyuma. Hapo kuna nyimbo za dini, maji ya Ganga, na majani ya tulsi, ndugu wa kivumbasi chetu. Wiki mbili zikipita na roho bado ipo, kwa kawaida familia huombwa iwapishe wengine. Nilipolisikia sharti hilo mara ya kwanza niliona ni ukatili. Nilipowaona wajukuu wameketi wameshika miguu ya bibi yao, wakimsomea, sikuliona hivyo tena.

Ghati kubwa za kuchomea ni mbili, Manikarnika na Harishchandra. Manikarnika moto hauzimiki usiku wala mchana. Maiti inabebwa kwa miguu kwenye jeneza la wazi la mianzi, imefunikwa sanda na kitambaa cha kung'aa, wanaume wakipaza sauti kwenye vichochoro vyembamba: Ram naam satya hai, jina la Ram ndilo kweli. Wanaichovya kwanza mtoni. Kisha kuni zinapimwa kwenye mizani kubwa kama ya sokoni, maana kila mti una bei yake. Mwembe wa maskini, msandali wa tajiri, na wengi huweka kipande tu cha msandali juu kwa heshima. Mfiwa mkuu, mara nyingi mwana wa kiume, amenyolewa kichwa na kuvaa nguo nyeupe. Anauzunguka mwili mara tano, anauwasha, halafu anasubiri kwa muda wa saa tatu hivi. Mwishoni anatupa chungu cha maji kwa nyuma, juu ya bega, na kuondoka bila kugeuka.

Kilio hakisikiki. Wanaamini machozi humzuia marehemu asiende zake. Nilisimama pale nikiwa nimezima simu mfukoni, na nawasihi wote watakaokwenda wafanye vivyo hivyo, kwa sababu niliona watalii wakinyoosha kamera juu ya vichwa vya wafiwa namna ambayo hakuna hata mmoja wao angeikubali kwenye msiba wa mama yake.

Moto wenyewe hauchukuliwi kwenye kiberiti. Huchukuliwa kwa Wadom, tabaka ambalo kwa karne nyingi Wahindu wa juu hawakutaka hata kivuli chao kiwaguse. Hao ndio wenye moto mtakatifu unaosemekana haujawahi kuzimika, na hao ndio wanaopanga kuni, wanaochochea, wanaochekecha majivu. Brahmani, mtu wa tabaka la juu la makuhani, aliyewaepuka maisha yake yote huja kwao siku ya mwisho akiwa hoi, kwa kuwa bila moto wao havuki. Na bado watoto wengi wa Wadom wameukulia moshi ule badala ya kwenda shule. Hii ni lawama ambayo Kashi inastahili kulaumiwa, na naitoa bila kusita. Lakini ni tofauti na ile lawama ya shangazi.

Najua kwetu kuchoma maiti kunatia watu ubaridi. Wangari Maathai alipofariki mwaka 2011 na mwili wake ukachomwa Kariokor, Nairobi, wengi walishangaa kwamba mwanamke wa Kikuyu ameondoka hivyo. Mshangao huo tunao hata kabla ya kupanda ndege, na tukifika ghatini tunaugeuza kuwa ushahidi.

Sasa tuyatazame maji. Ni nini hasa kinachoingia mtoni kutoka Manikarnika? Majivu na mkaa, mengi. Vipande ambavyo havikuungua, hasa vya maskini ambao fedha za kuni hazikutosha. Wapo pia wasiochomwa kabisa kwa mujibu wa mila, kama watawa na watoto wadogo, ambao huzamishwa wamefungwa jiwe. Sifichi hayo. Mei 2021, korona ilipoua watu wengi kuliko uwezo wa sehemu za kuchomea, maiti zilionekana mtoni Buxar na Ghazipur, mbele zaidi kwa mkondo wa maji, na picha zake zikazunguka dunia. Nadhani nyingi kati ya picha zilizomo vichwani mwetu zimetoka kwenye janga lile, si kwenye siku ya kawaida ya Banaras.

Kipimo kinachotumika India kuamua kama maji ya mto yanafaa kuoga ni bakteria wa kinyesi. Kiwango kinachotakiwa ni wasizidi 500 katika mililita 100 za maji, na mwisho kabisa wa kuvumiliwa ni 2,500. Kwa miaka mingi Ganga ya Banaras imevuka mpaka huo, mara nyingine kwa kiasi cha kutisha. Lakini majivu hayazai bakteria wa kinyesi. Bakteria hao wanatoka kwenye matumbo ya walio hai, kupitia vyoo vyao, kupitia mabomba yasiyofika panapotakiwa. Mji wenye watu zaidi ya milioni moja unajisaidia kila asubuhi, na sehemu ya kinyesi hicho imekuwa ikimwagwa mtoni bila kusafishwa.

Mwenye mashua aliyenizungusha alizoea kuwapeleka wageni chini, kuelekea Manikarnika. Nilimwomba anipandishe juu, kusini, mpaka mto Assi unapoingilia Ganga. Aliacha kutafuna tambuu yake, akanitazama. “Bhaiya,” akasema, yaani kaka, “huko hakuna kitu cha kuona.” Tukaenda. Assi, ule uliochangia jina la mji, wenyeji sasa wanauita nala, yaani mtaro. Maji yake ni ya kijivu, yana povu na harufu ya choo. Na jiografia yake ndiyo iliyonishtua kuliko harufu. Kwa kuwa mto hapa unakwenda kaskazini, uchafu wa Assi unaingia kabla ya ghati zote za kuogea, kisha unazipitia moja baada ya nyingine. Waogaji wanaupokea mwanzoni kabisa, muda mrefu kabla maji hayajafika kwenye majivu ya Manikarnika.

Serikali haikukaa kimya, na historia ya juhudi zake inafaa kusomwa polepole. Mwaka 1986 Waziri Mkuu Rajiv Gandhi alizindua Mpango wa Ganga hapahapa Varanasi. Kulijengwa vituo vya kusafisha majitaka, kikubwa kikiwa Dinapur chenye uwezo wa lita milioni 80 kwa siku. Kulijengwa pia tanuri la umeme la kuchomea maiti Harishchandra, na wakaachiliwa kasa wa mto waliofugwa maalumu ili wale mabaki ya miili. Hata wapangaji, watu wenye shahada zao, walikuwa wakiwawaza wafu.

Kilichoangusha mpango ni umeme. Pampu zilizokuwa ghatini, za kuyainua majitaka na kuyasukuma hadi Dinapur, zilihitaji umeme bila kukatika, na umeme wa Uttar Pradesh, jimbo ulimo mji huu, miaka ile ulikatika kila siku kwa saa nyingi. Pampu ikisimama, kinyesi hakisubiri, kilirudi mtoni. Mvua za masika zikija na mto kufurika, pampu zilizimwa zisiharibike. Na hata umeme ulipokuwapo, teknolojia iliyochaguliwa haikubuniwa kuua bakteria wa kinyesi. Maji yalitoka kituoni yakionekana mang'avu, wadudu wamo.

Aliyeyasema haya mapema na kwa sauti kubwa alikuwa Veer Bhadra Mishra, na laiti shangazi angemjua mtu huyu. Alikuwa mahanti, yaani mkuu wa hekalu la Sankat Mochan, cheo alichorithi akiwa kijana. Alikuwa pia profesa wa uhandisi wa maji katika Chuo Kikuu cha Kihindu cha Banaras. Mwaka 1982 alianzisha taasisi ya kuusafisha mto, na maabara yake ikaanza kupima maji na kutangaza majibu ambayo serikali haikupenda kuyasikia. Alipendekeza mabwawa ya kutuliza majitaka, yanayotumia mwelekeo wa ardhi, jua na mwani badala ya pampu na umeme. Na kila alfajiri, akijua tarakimu zote, alishuka ngazi na kuzama mtoni, kwa sababu ibada yake ilimtaka azame.

Alieleza jambo moja ambalo naliona kuwa ufunguo wa suala zima. Ukimwambia hujaji kwamba Mama Ganga ni mchafu, atakukasirikia, maana umemtukana mama yake. Lakini ukimshika mkono, ukampeleka penye mtaro na kumwonyesha kwamba kinyesi kinamwagwa juu ya mwili wa mama yake, atasimama pamoja nawe. Katika lugha zao utakatifu na usafi ni maneno mawili yasiyochanganywa. Mto hauwezi kupoteza utakatifu, kama mama mzazi asivyopoteza umama wake akiugua. Usafi ni kitu kingine, na huo unaweza kuibwa.

Sisemi imani haijawahi kutumika kama pazia. Februari 2025, wakati wa Kumbh Mela, hija kubwa ya Wahindu ya kuoga mtoni, kule Prayagraj, mji ulioko juu ya Varanasi kwenye mto huohuo, bodi kuu ya kudhibiti uchafuzi ya India iliripoti kwamba maji ya kuogea katika sehemu nyingi hayakukidhi kipimo cha bakteria wa kinyesi. Waziri kiongozi wa Uttar Pradesh, Yogi Adityanath, aliikataa taarifa hiyo bungeni, akasema maji yanafaa hata kunywewa kiibada. Hapo mto ulitumika kukinga sifa ya serikali. Lakini yaangalie yaliyofanyika kwa jina la imani upande wa pili. Waingereza walipoanza kuyageuzia maji ya Ganga kwenye mifereji ya kilimo kule Haridwar, mfereji wa kwanza ukifunguliwa mwaka 1854, waliokuja kudai mkondo usikatwe walikuwa waumini, wakiongozwa na mwanasiasa Madan Mohan Malaviya, na mwaka 1916 serikali ya kikoloni ikakubaliana nao kwamba maji yaendelee kupita. G. D. Agrawal, mhandisi wa mazingira aliyewahi kuwa katibu wa kwanza wa bodi hiyohiyo ya kudhibiti uchafuzi, alivaa joho la utawa uzeeni, akafunga kula siku 111 akidai mabwawa ya umeme yasiukabe mto, na akafariki tarehe 11 Oktoba 2018. Wahandisi wasiosali walikuwa wengi India. Waliojitoa namna hii walikuwa wanaosali.

Wala malalamiko kuhusu uchafu wa Kashi hayakuanza na wageni wenye kamera. Februari 1916, katika sherehe za kufungua Chuo Kikuu cha Kihindu cha Banaras, alichokianzisha Malaviya, Mahatma Gandhi, ambaye alikuwa hana muda mrefu tangu arudi kutoka Afrika Kusini, alisimama mbele ya wafalme na wakuu waliojaa mapambo na kuuliza kama vichochoro vinavyoelekea hekalu la Vishwanath vinastahili kuwa vichafu vile. Wenyeji wa sherehe walikasirika, na hotuba ikakatizwa. Mtu huyohuyo alipouawa mwaka 1948, sehemu ya majivu yake ilisafirishwa hadi Jinja, Uganda, na kumwagwa pale Nile inapoanzia safari. Sijawahi kumsikia mtu wa huku akilalamika kwamba majivu ya Gandhi yaliichafua Nile.

Na hapa ndipo ninapomrudia kinyozi wangu. Mto Msimbazi hauabudiwi na mtu yeyote. Hauchomewi maiti, hauogewi na mahujaji, hauna kuhani wala wimbo. Upite Jangwani uuangalie. Mto Nairobi vilevile. Kama dini ndiyo inayochafua mito, mito yetu isiyo na dini ingekuwa inang'aa. Wanachofanana Ganga na Msimbazi ni mji uliokua haraka kuliko mabomba yake, na viongozi wanaopenda kuzindua vitu vinavyoonekana. Varanasi, ambayo tangu 2014 mbunge wake ni Waziri Mkuu Narendra Modi, imepata fedha nyingi. Desemba 2021 ilizinduliwa njia pana na viwanja vya kupendeza kutoka hekaluni hadi mtoni, baada ya majengo zaidi ya 300 kununuliwa na kubomolewa, na vichochoro vya karne nyingi vikaondoka navyo. Nilipita hapo, pamefagiwa pakafagika. Haki isemwe pia: Dinapur iliongezewa uwezo wa lita milioni 140 kwa siku mwaka 2018, Goitha kumejengwa kituo cha lita milioni 120, na Ramana kingine cha milioni 50 kwa ajili ya upande wa Assi. Hayo ni maendeleo ya kweli. Ila mtaro niliouona ulikuwa bado unatiririka, na hakuna mtalii aliyekuwa ameletwa kuupiga picha.

Wapo wanaoupenda mto huu bila kuuabudu, na nao husahaulika katika mabishano haya. Wafumaji wa sari za hariri za Banaras wengi ni Waislamu. Ustadh Bismillah Khan, bingwa wa shehnai, ala inayofanana sana na zumari yetu ya pwani, alikuwa Mshia wa kuswali, naye alifanya mazoezi ya muziki kwa miaka katika hekalu la Balaji, juu ya ghati ya Panchganga. Alipata nishani kubwa kuliko zote za India mwaka 2001, akapata mialiko ya kuhamia kwenye raha, na akakataa kuiacha Banaras na Ganga yake mpaka alipofariki mwaka 2006. Naye Kabir, mshairi mfumaji wa karne ya 15, alikipinga kiburi cha mji huu kwa namna kali kuliko sisi sote: alipokaribia kufa aliondoka Kashi kwa hiari akaenda Maghar, mji ambao watu waliamini anayefia humo huzaliwa tena punda. Aliacha wokovu wa bure wa mahali akautegemea moyo wake. Lakini hata yeye hakuudharau mto.

Tulipogeuza mashua kutoka penye mtaro, mkondo ulitushusha wenyewe hadi ghati ya Tulsi, ilipo nyumba ya akina Mishra. Mahanti mzee alifariki mwaka 2013, na sasa cheo kimo kwa mwanawe, ambaye naye ni profesa wa uhandisi katika chuo kilekile, na maabara inaendelea. Jua lilikuwa limeshapanda. Kwenye ngazi ya chini, kijana mmoja alikuwa amechuchumaa na chupa ndogo ya kioo, akaizamisha, akaifunga kizibo, akaandika kitu kwenye karatasi iliyobandikwa ubavuni. Hatua mbili kutoka alipo, mama wa makamo amesimama majini hadi kiunoni, sari imemganda mwilini, ameteka maji kwa viganja vyote viwili na kuyainua kuelekea jua. Kijana alisubiri amalize, ndipo akapanda na chupa yake. Mwenye mashua akanawa uso kwa maji yaleyale, akaniuliza kama sasa niko tayari kwenda kuona Manikarnika.